Hiyo Si Jazi

Nilimkatiza Mzee katikati ya wimbo. Ilikuwa Jumapili jioni, Sinza, barazani kwa rafiki yetu, tuko watu saba. Utaratibu wetu ni mwepesi: kila mmoja ana zamu, unapiga kitu kimoja unachokipenda, wenzako wanasikiliza mpaka kiishe, halafu ndiyo ubishi unaanza. Wengi wetu tunatumia simu na spika. Mzee peke yake huja na mashine yake ya santuri, ameifunga kitenge kama mtoto mchanga, na sindano ya akiba ameiweka ndani ya kiberiti kitupu.

Jioni ile tulishasikia Coltrane, tukasikia Abdullah Ibrahim, na kijana mmoja anayefanya kazi benki akatuletea Miles Davis wa miaka ya vyombo vya umeme, tukagombana nusu saa nzima. Ikafika zamu ya Mzee. Akaweka santuri ndogo ya Morogoro Jazz, gitaa la Mbaraka Mwinshehe likaanza kupanda, na mimi, msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa habari, mtu niliyekuwa nimesoma vitabu vitatu vya historia ya jazi mwaka ule, nikasema: "Samahani Mzee wangu, lakini hiyo si jazi. Hiyo ni dansi."

Hakunijibu. Alisubiri wimbo uishe, akainua sindano, akanionyesha karatasi ya katikati ya santuri. "Hapa pameandikwaje, mwanangu?"

Pameandikwa Jazz. Nikamwambia hilo ni jina tu, kwamba zamani kila bendi yenye gitaa na saksafoni ilijiita hivyo. Akasema, "Sawa." Akafunga mashine yake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja pia.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kazi yangu: nikikosana na mtu, natafuta ushahidi kwamba nilikuwa sahihi. Nikarudi vitabuni kuchimba asili ya neno jazi, na huko nikakutana na Mfaransa mmoja aitwaye Hugues Panassié. Kadiri nilivyomsoma ndivyo nilivyozidi kuona haya. Jamaa alitumia karibu miaka thelathini ya maisha yake akirudia sentensi ile ile niliyomwambia Mzee. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa akiwaambia Charlie Parker na Dizzy Gillespie.

Lakini lazima nianze na santuri, maana bila santuri Panassié asingekuwepo.

Tarehe 26 Februari 1917 vijana watano weupe kutoka New Orleans, wakijiita Original Dixieland Jass Band, waliingia studio ya kampuni ya Victor jijini New York wakarekodi nyimbo mbili. Santuri ile ndiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya jazi. Angalia mambo yalivyoanza: muziki ni wa Weusi, santuri ya kwanza ni ya Weupe, na jina lenyewe bado linaandikwa kwa s mbili. Ilipita miaka sita kabla King Oliver hajarekodi na bendi yake, kijana Louis Armstrong akiwa kwenye korneti ya pili. Novemba 1925, mjini Chicago, Armstrong akaanza kurekodi kwa jina lake mwenyewe na kundi aliloliita Hot Five, na santuri zile ndizo ambazo mashabiki wa dunia nzima walikuja kuzishika kama msahafu.

Hapa pana jambo ambalo kusema kweli lilinishangaza. Hot Five ilikuwa bendi ya studio. Mtu wa Chicago aliyetoka usiku kwenda kumsikiliza Armstrong alimkuta kwenye bendi kubwa, anapiga muziki wa watu kucheza, saa kadhaa, kuna jasho na vinywaji. Hot Five hakuikuta ukumbini ila mara chache mno. Kilichosafiri kuvuka bahari ni kile kingine: dakika tatu upande huu, dakika tatu upande ule, kwa sababu santuri ya inchi kumi inayozunguka mara 78 kwa dakika haikuweza kubeba zaidi ya hapo. Watu wa Paris waliipenda bendi ambayo watu wa Chicago wenyewe hawakuwa wakiiona.

Panassié alizaliwa Paris mwaka 1912, familia yenye uwezo. Akiwa na miaka 14 akaugua polio, mguu ukabaki na athari, na katika kuugua huko akajifunza saksafoni na kuanza kukusanya santuri. Mwaka 1932 Hot Club de France ikaanzishwa, naye akawa nguzo yake. Walichokuwa wakifanya klabuni ni kama tunachofanya Sinza: wanakutana, kila mmoja na santuri zake mkononi, wanasikiliza, wanabishana. Mwaka 1934, akiwa na miaka 22, akatoa kitabu kizima, *Le Jazz Hot*, akieleza jazi ya kweli ni ipi na ya uongo ni ipi. Marekani alikuwa hajakanyaga. Alikuwa na masikio mazuri, hilo siwezi kumnyima, na alisikiliza kwa makini kuliko Wamarekani wengi wa wakati wake. Ila alichokuwa akisikiliza ni santuri zilizomfikia, na zilizomfikia mapema zilikuwa nyingi za wapigaji weupe wa Chicago. Basi hao ndio aliowapandisha sana kitabuni.

Miaka minane baadaye, katika *The Real Jazz*, kilichochapwa Marekani 1942, alikiri kosa. Alieleza kwamba aliijua jazi kwanza kupitia Weupe, na ilimchukua muda kutambua kuwa Weusi ndio waliokuwa mbele. Ni ungamo la heshima. Wahakiki wangapi wanaandika kitabu cha pili kusema cha kwanza kilipotoka? Tatizo ni kwamba mtu aliyekosea mara moja na kutubu mara nyingine hujiona sasa ameifikia haki, na mlango anaufunga kwa ndani.

Mwenzake alikuwa Charles Delaunay, mtoto wa wachoraji mashuhuri, Robert na Sonia Delaunay. Huyu hakuwa mtu wa hukumu, alikuwa mtu wa orodha. Santuri za wakati ule mara nyingi ziliandika jina la bendi tu. Nani anapiga tarumbeta, nani klarineti, siku gani, huambiwi. Delaunay akaanza kuulizia, kulinganisha, kuandika. Mwaka 1936 akatoa *Hot Discography*, orodha ya nani alirekodi nini, na nani, na lini. Ni kazi kavu ukiitazama, lakini ndiyo iliyowafanya mashabiki waanze kubishana kwa ushahidi. Kabla ya hapo ulibishana na hisia za mtu. Baada ya hapo mtu anakufungulia ukurasa.

Wawili hawa walishirikiana sana. Kundi la Django Reinhardt na Stéphane Grappelli lilibeba jina la klabu yao, na mwaka 1937 wakaanzisha lebo ya Swing, ya jazi tupu, na santuri yake ya kwanza ikiwa na Coleman Hawkins na Benny Carter. Mwishoni mwa 1938 Panassié hatimaye alifika New York. Akawatafuta Tommy Ladnier na Sidney Bechet awarekodi kwa mtindo wa zamani wa New Orleans. Miaka michache kabla ya hapo, dansi zilipokosa fedha, wawili hao walikuwa wamefungua duka la kushona na kupiga pasi nguo pale Harlem. Nawaza tu: umepigwa na maisha mpaka unashika pasi, halafu anatokea Mfaransa anayechechemea, anakwambia nyimbo zako za miaka kumi na tano iliyopita ndiyo muziki bora duniani, hebu zipige tena. Ungemkatalia?

Kisha vita. Juni 1940 Wajerumani wakaingia Paris, na santuri za Marekani zikaacha kufika. Delaunay alibaki mjini akitumia shughuli za klabu kufunika kazi za upinzani dhidi ya Wanazi. Mwaka 1943 Gestapo wakamkamata, wakamwachia baada ya wiki kadhaa. Panassié alikuwa kusini, na santuri zake.

Upande wa pili wa bahari nako, bila kupanga, mlango ulifungwa. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kilipiga marufuku wanachama wake kurekodi. Sababu yake ilieleweka: redio na mashine za santuri kwenye baa zilikuwa zinawanyima wapigaji kazi, tena bila kuwalipa. Kampuni ya Decca ilikubali masharti mwaka 1943. Victor na Columbia walikaza mpaka Novemba 1944. Ongeza na uhaba wa lakiri kutoka India, ile gundi ya wadudu iliyotumika kutengenezea santuri, na utaona kwamba kwa miaka miwili na ushee muziki wa Marekani ulikuwa unaendelea kupigwa ukiacha nyayo chache.

Na ni miaka ile hasa ambayo mambo yalikuwa yanabadilika. Usiku, kwenye klabu ya Minton's kule Harlem, Thelonious Monk na Kenny Clarke walikuwa kwenye bendi ya nyumba, na wageni wakipanda jukwaani kupimana nguvu. Mwaka 1943 bendi ya Earl Hines ilikuwa na Charlie Parker na Dizzy Gillespie kwa pamoja, wamekaa safu moja na wapigaji wa mtindo wa swingi, wakijaribu mambo yao mapya ndani ya muziki wa kawaida wa dansi. Bendi ile haikurekodiwa studio hata mara moja. Yaani daraja lenyewe, pale mtu angeweza kusikia swingi ikigeuka taratibu kuwa bibopu, halimo kwenye santuri. Aliyekuwa Harlem alilivuka kwa miguu yake. Aliyekuwa anategemea santuri, iwe Paris au Iowa, alisikia ng'ambo hii, kimya, halafu ghafla ng'ambo ile.

Ghafla yenyewe ni mwaka 1945. Gillespie na Parker wakatoa santuri zao, na Novemba 26 mwaka ule Parker akarekodi "Ko-Ko" jijini New York. Ni muziki wa kasi isiyo ya kawaida. Hata leo nikimpigia mgeni, kwanza hushika kichwa.

Na mji ule ule, msimu ule ule, ukumbi wa Stuyvesant Casino ulikuwa umejaa watu waliokuja kumsikiliza Bunk Johnson. Huyu mzee ana kisa chake. Mashabiki waliokuwa wakikusanya habari za New Orleans ya zamani walisikia jina lake, wakamwandikia barua, wakamkuta mji mdogo wa New Iberia, Louisiana, hapigi tena, meno hana. Mpiga tarumbeta bila meno ni kama dereva bila miguu. Mashabiki wakachangishana, meno ya bandia yakatengenezwa na daktari ambaye ni kaka yake Sidney Bechet, tarumbeta ikanunuliwa, na Juni 1942, wiki chache tu kabla ya marufuku ya Petrillo, akarekodi. Kwao alikuwa mtu aliyefufuka kutoka siku za mwanzo, kabla biashara haijaharibu kitu.

Lakini Bunk mwenyewe hakutaka kuwa masalia. Alipenda nyimbo mpya zinazopendwa redioni, akapenda wapigaji wanaosoma nota, akagombana na wenzake wa bendi ile ya kizamani aliyopangiwa. Desemba 1947 alipopata nafasi ya kurekodi alivyotaka yeye, na watu aliowachagua yeye, akachagua wapigaji wa New York wenye elimu ya muziki, na nyimbo za ragitaimu na za mapenzi. Mashabiki wengi hawakuzifurahia. Meno walinunua wao, wimbo akachagua yeye. Alifariki 1949.

Magazeti ya muziki ya Marekani yakawaka moto. Wapenzi wa mtindo wa zamani wakabatizwa "tini zilizoota ukungu". Mwaka 1947 redio ikapambanisha bendi mbili, moja iliyopangwa na Rudi Blesh wa kambi ya zamani, nyingine na Barry Ulanov wa kambi mpya, ikiwa na Parker na Gillespie ndani yake, wasikilizaji wakapiga kura, na kambi mpya ikashinda. Mwenzake Ulanov, Leonard Feather, alikuwa na mchezo mwingine ninaoupenda zaidi: anampigia mwanamuziki santuri bila kumwambia ni ya nani, halafu anaandika maoni yake. Mwaka 1951 mpiga tarumbeta Roy Eldridge alimwambia Feather kuwa anaweza kutofautisha kwa sikio mpigaji mweusi na mweupe. Wakawekeana dau. Eldridge, mmoja wa masikio makali kabisa ya kizazi chake, alikosea zaidi ya alivyopata. Tumewahi kuujaribu mchezo huu Sinza. Sitasema nilipata ngapi.

Sasa turudi Ufaransa, kwa sababu huko ndiko ugomvi ulikovunja nyumba. Santuri za Gillespie zilipofika Paris, Delaunay alizisikiliza na marafiki zake na wakashtuka kwa furaha. Mwaka 1946 André Hodeir akaziandikia makala ya sifa katika *Jazz Hot*, jarida la klabu. Panassié, aliyekuwa mbali kusini, akasikia kitu kingine kabisa. Hakusema ni muziki mbaya. Hilo lingekuwa suala la ladha, na ladha haina kesi. Alisema si jazi. Na ukishasema hivyo, mwenzako anayeupenda hakosei tu, amehama dini. Mwaka 1947 klabu ikapasuka. Delaunay akafukuzwa kwenye Hot Club de France. Marafiki wa miaka kumi na tano wakawa kila mmoja na jarida lake, wafuasi wake, na matusi yake. Tini za ukungu zikavuka bahari, na upande wa pili ukaitwa zabibu chachu. Mwandishi Boris Vian akawa anamdhihaki Panassié magazetini mara kwa mara. Cha kuchekesha ni kwamba Vian alikuwa mpiga tarumbeta, na mtindo wake ulikuwa wa zamani. Muziki mpya aliutetea kwa kalamu tu.

Februari 1948 kambi mbili zikapimana kwa macho ya watu. Nice, kusini, likafanyika tamasha la kimataifa la jazi, Panassié akiwa mmoja wa waandaaji wakuu, na nyota wake Louis Armstrong. Siku zile zile, Paris, Delaunay akampandisha Gillespie na bendi yake kubwa jukwaa la Salle Pleyel. Bendi ile ilikuwa imefika Ulaya kwa ziara iliyoharibika kifedha, wapigaji wamechoka na hawana uhakika wa nauli, lakini usiku ule walipiga kiasi kwamba Wafaransa waliokuwepo wamehadithia maisha yao yote. Ngoma za konga alikuwa akizipiga Mkuba, Chano Pozo. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule aliuawa kwa risasi Harlem. Mpiga dramu Kenny Clarke, yule wa Minton's, bendi iliporudi alibaki Paris kwa muda.

Mwaka uliofuata, Mei 1949, Delaunay akawaweka Charlie Parker na Sidney Bechet kwenye tamasha moja pale pale Pleyel, pamoja na Miles Davis mwenye miaka 22. Tini na zabibu sahani moja. Wapigaji wenyewe hawakuona shida kupanda jukwaa moja. Hata Armstrong, aliyeisema vibaya bibopu hadharani, na Gillespie aliyemjibu kwa ukali, walikuja kuwa majirani kule Corona, Queens, na mwaka 1959 wakaimba na kupiga pamoja kwenye televisheni, wanataniana kama watu wa ukoo mmoja. Panassié hakusogea. Alifariki 1974 akiwa bado anasema si jazi.

Nilimchukia kwa siku kadhaa, halafu nikaanza kumwelewa, na hapo ndipo iliponiuma. Mtu huyu hakuwa mjinga wala hakuwa mtu wa kudharau Weusi kwa namna ya wazi. Alitumia maisha yake kuwatetea. Ila aliwapenda mahali walipokuwa siku aliyowakuta. Santuri haiongezi neno. Unaweza kuirudia mara elfu na Armstrong wa 1928 ataingia pale pale, kwa pumzi ile ile. Ukikaa nayo sana unaanza kudhani muziki ndiyo ile, na mpigaji akifanya kingine amekusaliti wewe binafsi.

Hapa kwetu ubishi wa bendi ulikuwa wa namna tofauti, na nadhani sababu ni hiyo. Mashabiki wa Msondo na Sikinde wametukanana miongo kadhaa, lakini bendi zote mbili ziko mjini. Ukisema Sikinde wamekwisha, unaambiwa twende ukumbini Jumapili. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na zilizopata bahati nyimbo zao zilikwenda kugandishwa Nairobi. Shabiki alimjua mpiga solo kwa uso, alijua amehama bendi lini na kwa ugomvi gani. Ladha yake ilikua pamoja na bendi, ikizeeka nayo.

Na neno lenyewe? Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, mwaka ule ule wa Hot Club de France. Morogoro Jazz ilikuwepo kabla Parker hajarekodi "Ko-Ko". Léopoldville walikuwa na African Jazz ya Kabasele, kisha OK Jazz mwaka 1956. Guinea wakaja na Bembeya Jazz. Hawakukosea tahajia wala hawakudanganya mtu. Jazz kwao ilikuwa bendi ya kisasa, ya mjini, yenye vyombo vya kupuliza na gitaa, ya watu waliovaa wakapendeza. Ukiitazama Chicago ya 1925, usiku, ukumbini, siyo studio, maana hiyo haiko mbali. Bechet mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake anasema jazi ni jina walilopewa na Weupe, yeye aliita ragitaimu. Kama mwenye muziki halitaki jina, mimi wa Sinza nililinda mpaka wa nani?

Kuna na Kuba. Santuri za Kikuba zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930 ndizo zilizofundisha vidole vya Kongo na vya pwani yetu. Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba, jina linajieleza. Kwa hiyo zile konga za Chano Pozo pale Pleyel, zilizomfanya Gillespie aonekane mpya kabisa, zina undugu na mapigo yaliyokuwa chini ya gitaa la Mbaraka jioni ile nilipofungua mdomo.

Nilikwenda kwa Mzee siku ya Jumamosi, na kilo mbili za sukari. Shikamoo, marahaba, karibu ndani. Nilikuwa nimejiandaa: nikamweleza kuhusu Panassié, Delaunay, marufuku ya Petrillo, meno ya Bunk Johnson, kila kitu. Aliyapenda meno. Alinirudisha hapo mara mbili. Nilipomaliza nikamwambia, "Kwa hiyo Mzee wangu nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea kusema ile si jazi."

Akanitazama kama vile nimezungumza lugha nyingine.

"Jazi, si jazi, hiyo shauri yenu vijana," akasema. "Wewe uliongea muziki unapigwa."

Nikakosa la kujibu. Akainuka, akafungua ile mashine, akaweka santuri ile ile, na safari hii tukaisikiliza pande zote mbili. Gitaa la pili, ambalo sikuwahi kulisikia kwa sababu nilikuwa naongea, linaingia chini taratibu linashika mkono wa la kwanza. Sindano ilipofika mwisho ikabaki inakwaruza, hakuna aliyeinuka.

Jumapili alikuja. Kijana wa benki alikuwa na zamu kabla yake, akaweka Coltrane wa miaka ya mwisho, dakika zisizopungua kumi na tano. Mzee alisikiliza yote, mikono kwenye magoti, mpaka sauti ya mwisho ikakatika. Kisha akavuta pumzi.

"Kelele tupu," akasema, na ubishi ukaanza.